Si Chujio, Si Sponji: Nyenzo Zinazomfungulia Mgeni Mmoja na Kumfungia Pacha Wake

Wiki ile tuzo ya Nobel ya kemia ilipotangazwa, Oktoba 2025, kijiwe chetu cha kahawa hapa Dodoma kiligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulishikilia kwamba wanasayansi watatu wametengeneza sponji ya kunyonya maji hewani, kwa hiyo shida ya maji ya mji huu inaelekea ukingoni. Upande wa pili ukasema hapana, ni chujio la kuondoa sumu kwenye gesi. Kwa kuwa niliwahi kushika chaki ya kemia kwa miaka kadhaa, niliombwa hukumu. Nikasema pande zote zimekosea kidogo, jambo ambalo kijiweni halimfurahishi mtu yeyote.

"Sasa mwalimu," akauliza mzee mmoja, fundi wa kuchomelea mageti, "kama si sponji na si chujio, ni kitu gani?"

Siku ile nilimjibu harakaharaka, na vibaya. Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa, na nitaanzia mbali kidogo, kwenye nafaka.

Ukifika soko la Kibaigwa wakati wa mavuno utaona kila namna ya kutenganisha vitu. Kuna anayepepeta kwa ungo: makapi mepesi yanaruka, punje nzito zinabaki. Kuna anayechekecha: vumbi na punje zilizovunjika zinapita kwenye matundu, punje nzima zinabaki juu. Na kuna mama aliyekaa chini anachambua choroko kwa mkono, anatoa kokoto moja baada ya nyingine kwa macho. Njia tatu, na kila moja imeegemea tofauti fulani: ya uzito, ya ukubwa, ya sura. Ondoa tofauti hiyo na kazi imekwama. Mchanganyie yule mama kokoto zenye rangi, umbo na uzito wa choroko, uone kama atamaliza debe moja kabla ya jua kuzama.

Wakemia wanaishi na kokoto za namna hiyo kila siku.

Maneno machache kabla hatujasonga. Kampaundi ni kitu kilichoundwa na atomu za aina mbili au zaidi zilizoshikana kwa mpangilio maalumu. Maji ni kampaundi, sukari ni kampaundi, na spiriti kadhalika. Kipande kidogo kabisa cha kampaundi kama hizo, ambacho bado ni maji au bado ni sukari, ndicho molekuli. Mchanganyiko ni kampaundi mbili au zaidi zilizokaa pamoja bila kushikana, kama mahindi na maharage kwenye kiroba kimoja. Kwa hiyo kutenganisha si kuvunja wala kuunguza kitu. Hakuna kinachogeuka kuwa kingine. Mahindi yanatoka mahindi, maharage yanatoka maharage. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wakisikia "kemikali" wanadhani lazima kuna kitu kinachochemka na kubadilika rangi.

Sasa chukua thina, ile ya fundi rangi. Mara nyingi ndani yake kuna kimiminika kiitwacho zailini, ambacho kimo pia kwenye petroli. Zailini si moja, ni tatu. Fikiria meza yenye pande sita na viti viwili tu. Unaweza kuviweka viti kwenye pande mbili zinazopakana, unaweza kuruka upande mmoja katikati, au unaweza kuviweka vikitazamana. Meza ni ile ile, viti ni vile vile, uzito hautofautiani hata chembe. Kilichobadilika ni mahali pa kukaa tu. Hizo ndizo otho-zailini, meta-zailini na para-zailini. Kila moja ina kaboni 8 na hidrojeni 10.

Mtu angesema basi, ya nini kuhangaika, ndugu watatu wanaofanana waache wakae pamoja. Tatizo ni kwamba para ndiye anayetafutwa na viwanda. Ndiye anayegeuzwa kuwa asidi ya terefthaliki, na hiyo ndiyo inayotengeneza plastiki ya chupa za maji zinazouzwa dirishani kwenye kila basi linalosimama Dodoma. Ndugu zake wawili hawatoi chupa ile.

Njia ya kale ya kutenganisha vimiminika ni kukeneka, yaani kuchemsha, kudaka mvuke na kuupoza. Wapika gongo wanaifahamu vizuri, na sitauliza nani kati ya wasomaji wangu amejifunzia wapi. Gongo inawezekana kwa sababu kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100. Pengo la nyuzi 22 linatosha hata kwa pipa na bomba la kuokoteza. Zailini je? Otho huchemka kwenye nyuzi 144, meta 139, para 138. Kati ya meta na para pengo halifiki hata nyuzi moja kamili. Ukichemsha, wanapaa pamoja kama njiwa wa banda moja.

Kwa bahati nzuri kuna tofauti nyingine iliyojificha kwenye baridi. Para-zailini huganda kwenye nyuzi 13 hivi, joto ambalo usiku wa Julai hapa Dodoma unalifikia bila shida. Otho haigandi mpaka nyuzi 25 chini ya sifuri, meta mpaka 48 chini ya sifuri. Viwanda vilitumia ujanja huo kwa miaka, vikigandisha na kuchota barafu ya para. Kugandisha nako kunakula umeme.

Na hizo ni zailini tu. Propilini, inayotengeneza nyuzi za viroba vile vya Kibaigwa, hutoka kiwandani ikiwa imechanganyika na propani, ndugu yake anayekaa pia kwenye mtungi wako wa gesi ya kupikia. Tofauti yao ni atomu mbili za hidrojeni, na kuchemka kwao kumepishana nyuzi sita hivi. Kuzitenganisha kwa kukeneka kunahitaji mnara mrefu wenye sahani zaidi ya 100 ndani, mvuke ukipanda na kimiminika kikishuka mchana na usiku. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, David Sholl na Ryan Lively, walikadiria kwamba kusafisha propilini na ethilini peke yake kunakula asilimia 0.3 ya nishati yote ya dunia, karibu sawa na matumizi ya nchi ya Singapore kwa mwaka. Hapo utaelewa kwa nini watu wanasumbuka kutafuta njia isiyohitaji kuchemsha.

Chekeche gumu na mahali linapoishia

Wazo la kwanza ni lile la chekeche: tafuta kitu chenye matundu yanayomtosha mmoja na kumzuia mwingine. Matundu yenyewe yanapaswa kuwa madogo mno, chini ya nanomita moja, na nanomita moja ni sehemu moja kati ya milioni moja za milimita. Hakuna fundi wa kuyatoboa, lakini mawe fulani huzaliwa nayo. Mwaka 1756 Mswidi Axel Cronstedt alichoma jiwe likatoa mvuke na povu kana kwamba linachemka, akaliita zeoliti, kwa Kigiriki "jiwe linalochemka". Maji yalikuwa yamejificha kwenye vitundu vyake. Leo zeoliti hutengenezwa viwandani, na ndizo zinazotumika pia kumtoa para-zailini kati ya ndugu zake. Kwa baadhi ya zeoliti siri ni kwamba yeye ni mwembamba kidogo: upana wa nanomita 0.58 dhidi ya 0.68 ya wenzake.

Zeoliti imo pia kwenye mashine zile za oksijeni zinazowekwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Hewa ya kawaida inasukumwa ndani, naitrojeni inabaki, oksijeni inatoka. Wengi wanadhani naitrojeni imekwama kwa kuwa ni kubwa. Sivyo. Zote mbili zinapita kwenye kitundu. Naitrojeni inabaki kwa sababu inashikwa na kuta kwa nguvu zaidi.

Hapa ndipo neno "sponji" linapopotosha. Sponji ya kuoshea vyombo hujaa maji katikati yake. Nyenzo tunazozisema hufanya kazi kama ukuta wa nyumba ya Dodoma mwezi wa Septemba: upepo unapita, vumbi linaganda ukutani. Gesi nayo huganda kwenye kuta za ndani ya vitundu hivyo, punje kwa punje, bila kuyeyuka na bila kuungana nazo. Kadiri kuta zilivyo nyingi ndivyo vumbi linalonaswa linavyokuwa jingi. Kile kipakiti kidogo ndani ya boksi la viatu vipya, kilichoandikwa kisiliwe, kinanasa unyevu kwa kanuni hiyo hiyo.

Lakini chekeche gumu lina mwisho wake. Nenda kwenye karakana ya yule fundi wangu wa mageti. Moja ya mitungi yake miwili ina asetilini, gesi inayotoa ule mwali mkali wa kukatia chuma. Asetilini na kaboni dayoksaidi, hii tunayoitoa puani, ni molekuli mbili zenye unene ule ule wa nanomita 0.33, zote nyembamba na zilizonyooka kama njiti ya kiberiti. Chekeche la ukubwa halina la kufanya hapo. Likimpitisha mmoja, limempitisha na mwenzake.

Nyumba ya fito

Waliopata Nobel walikuja na namna mpya ya kutengeneza vitundu. Kila aliyeona tembe ikijengwa Ugogoni anajua hatua ile kabla ya kukandika udongo: miti imesimama, fito zimefungwa, na ukisogea karibu unaona vyumba vidogo vingi vya hewa kati ya fito na fito. Nyumba hizi za kikemia hazikandikwi kamwe. Vifundo vyake ni metali, kama shaba, zinki au aluminiamu, na fito zake ni molekuli zenye kaboni zinazoshika kifundo kimoja huku na kingine kule. Matokeo yake ni fuwele, kitu cha mpangilio kama punje ya chumvi, ila ndani ni tupu karibu yote. Jina lake refu ni fremu za metali na oganiki. Duniani kote kifupi chake ni MOF, nami nitatumia hicho.

Richard Robson wa Melbourne, Australia, alionyesha wazo hilo mwaka 1989 kwa shaba, ingawa nyumba zake zilibomoka upesi. Susumu Kitagawa wa Kyoto, Japani, akaonyesha mwaka 1997 kwamba gesi inaweza kuingia na kutoka bila nyumba kuanguka. Omar Yaghi, aliyezaliwa Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina na sasa yuko Berkeley, Marekani, ndiye aliyezipa jina, na mwaka 1999 akatoa MOF-5: gramu zake mbili hivi zina kuta za ndani ambazo zikitandazwa zinaenea uwanja wa mpira. Yaani uwanja wetu wa Jamhuri wote, kutoka goli hadi goli, ndani ya kijiko cha chai. Na fito za MOF-5, kama ulikuwa unafuatilia, zimetengenezwa kwa asidi ile ile ya terefthaliki ya chupa za maji. Para-zailini amerudi kujenga nyumba ya kuwatenganishia wenzake.

Nyingi kati ya MOF hizo ni ngumu, kama zeoliti. Kitagawa ndiye aliyesisitiza tangu 1998 kwamba baadhi zinaweza kunyumbuka, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, ingawa habari nyingi ziliipita haraka zikikimbilia maji ya jangwani.

Kunyumbuka si ulaini. Ukizishika ni unga mkavu tu, hazibonyei. Fanya jaribio hili: chukua fito nne zenye urefu sawa, zifunge pembeni zipate mraba, ila usiweke mkingamo. Sasa sukuma pembe moja. Mraba unalala ubavu, nafasi ya ndani inakuwa nyembamba, na hakuna fito hata moja iliyopinda. Kilichocheza ni mafundo. Ndivyo ilivyo MOF iitwayo MIL-53, iliyotangazwa mwaka 2002 na kundi la Gérard Férey wa Versailles, Ufaransa. Ikinasa maji, ujazo wake unapungua karibu theluthi moja. Ukiipasha joto maji yakatoka, inafunguka tena.

Watu wa hapa nikiwaambia hivyo wananikatalia kwa kutumia mbuyu. Shina la mbuyu hunenepa masika kwa maji na kukonda kiangazi, kwa nini hii ifanye kinyume? Kwa sababu molekuli za maji ndani ya MIL-53 huzivuta kuta mbili zinazotazamana zikaribiane, kama watu wawili waliokaa kwenye korido nyembamba wakashika kuta pande zote mbili. Zipo zinazofanya kama mbuyu: familia ya MIL-88 hufutuka, na baadhi hupita mara mbili ya ujazo wake ikilowekwa kwenye kimiminika kinachozifaa.

Noah haiondoki mpaka ijae

Kutanuka na kukunjamana peke yake ni mchezo tu. Faida inakuja pale nyumba inapokuwa imefungwa kabisa, haina hata kitundu kinachopitika, kisha ikafunguka ghafla kwa mgeni fulani.

Fikiria kituo cha magari. Noah ya kwenda Kondoa imepaki. Abiria wa kwanza anafika, dereva hata hawashi. Wa pili, wa tatu, bado. Nauli zao hazijarudisha mafuta. Anapofika wa saba au wa nane, ghafla injini inanguruma na gari linaondoka. Hakukuwa na nusu safari. Ni ama limesimama ama limeondoka.

Fremu iliyofungwa nayo ina "mafuta" yake: kuifungua kunagharimu nishati, kwa sababu fito zilikuwa zimelaliana kwa raha. Gharama hiyo inalipwa na wageni wenyewe, kwa nguvu wanayoitoa wanapoganda kwenye kuta. Gesi ikiwa chache, malipo hayatoshi, mlango umefungwa. Ongeza mkandamizo wa gesi mpaka wageni wengi wawe wanagonga kwa pamoja, na kwa kiwango fulani fremu nzima inafunguka na gesi inaingia kwa mkupuo. Sasa weka gesi mbili zinazofanana. Ile inayoshikana na kuta kwa nguvu ni abiria anayelipa nauli kubwa. Wachache wake wanatosha kuwasha gari. Nyingine inalipa senti, na katika mkandamizo huo huo inabaki kituoni. Tofauti ambayo ilikuwa ndogo sana mwanzoni imegeuka kuwa "ndiyo" na "hapana".

Turudi kwa asetilini. Nilisema umbo lake na la kaboni dayoksaidi halitofautiani, lakini chaji zao za umeme zimepangwa kinyume. Ncha za asetilini ni hidrojeni, zina uchanya kidogo. Ncha za kaboni dayoksaidi ni oksijeni, zina uhasi kidogo. Ukuta uliopangwa oksijeni zake mahali panapofaa utazishika ncha za asetilini kwa furaha na kuzisukuma za mwenzake. Mwaka 2005 kundi la Kitagawa lilionyesha MOF ya shaba inayonasa asetilini kwa wingi kuliko kaboni dayoksaidi katika mkandamizo mdogo, kwa ujanja huo.

Nilipomweleza fundi haya alicheka akidhani ni mambo ya ng'ambo. Nikamwambia agonge mtungi wake. Mtungi wa asetilini si mtupu kama wa gesi ya kupikia: ndani umejazwa kitu kigumu chenye vitundu, kilicholowekwa asetoni, kwa sababu asetilini ikikandamizwa yenyewe inaweza kulipuka hata bila moto. Nyenzo zenye vitundu zimekuwa karakanani kwake miaka yote, na Mswidi Gustaf Dalén, mmoja wa walioisuka teknolojia hiyo kwa ajili ya taa za kuongozea meli, alipata Nobel ya fizikia mwaka 1912.

Kuna dosari ambayo makala za kushangilia huiruka. Mchungaji akifungua zizi kwa ajili ya mbuzi, kondoo wamesimama pale pale. Mlango ukiwa wazi, nani atawazuia? Kwenye MOF za kunyumbuka jambo hilo hutokea kweli. Unapima gesi A peke yake, mlango unafunguka. Unapima gesi B peke yake, mlango haufunguki. Unashangilia. Kisha unachanganya A na B kama zitakavyokuwa kiwandani, A anafungua, na B anapita nyuma yake bila kulipa. Ndiyo maana matokeo ya gesi moja moja, hata yawe mazuri namna gani kwenye karatasi, hayajathibitisha kwamba nyenzo inatenganisha mchanganyiko. Nyumba iliyofanikiwa ni ile ambayo baada ya mbuzi kuingia imejaa kabisa, au imechukua umbo linalombana kondoo asipate pa kusimama.

Maji mazito si maji magumu

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa maji kutenganishwa na maji.

Kwanza tufute mkanganyiko mmoja, kwa sababu Dodoma tunao sana. Maji magumu ni haya ya visima vyetu vingi: yana chumvi za kalisi na magnesi, sabuni haitoi povu, birika linajenga ukoko mweupe. Maji mazito ni kitu kingine kabisa. Ni maji safi ambayo hidrojeni zake zina nyutroni moja (chembe nzito isiyo na chaji) ya ziada kwenye kiini cha atomu, kwa hiyo zina uzito maradufu. Hidrojeni hiyo nzito huitwa dutiriamu, na katika maji ya kawaida ni takriban moja kati ya kila hidrojeni 6,400. Imo kwenye chai yako asubuhi hii, na haina shida. Maji mazito halisi hutumika kwenye baadhi ya mitambo ya nyuklia, kama ile ya Kanada inayotumia urani isiyorutubishwa. Nimesikia watu wakiunganisha neno hilo na utafiti wa urani uliowahi kufanyika Bahi na Manyoni, kana kwamba visima vya huko vina maji mazito. Havina zaidi ya visima vya kwingine.

Kwa macho, maji haya mawili ni kitu kimoja. Mazito huchemka kwenye nyuzi 101.4 badala ya 100. Molekuli zake zina ukubwa ule ule, umbo lile lile, na hata chaji zimepangwa vile vile, kwa hiyo ule ujanja wa ncha chanya na hasi nao umekwisha. Tofauti iliyobaki ni ya mwendo tu: ile nzito inapenya mahali pembamba polepole kidogo zaidi.

Mwaka 2022 kundi la Kitagawa, pamoja na wenzao wa China, lilitangaza MOF za shaba zenye mlango unaopepesuka. Fremu nzima haisogei. Kilichocheza ni kipande cha fito pale penye uchochoro mwembamba, kinachopinduka huku na huku kwa joto la kawaida, kama pazia la mlangoni kwenye upepo. Molekuli inapita pale tu kipande kikiwa kimekaa upande. Ukiwa na uchochoro mmoja tu, tofauti ya mwendo kati ya maji na maji mazito ni ndogo mno. Lakini ndani ya fuwele kuna milango maelfu kwa maelfu, mmoja baada ya mwingine, na anayechelewa kidogo kwenye kila mlango anaachwa mbali sana mwishoni. Maji ya kawaida yaliingia, mazito yakabaki nje kwa sehemu kubwa, na kipimo cha utenganisho (1 maana yake hakuna kilichotenganishwa) kilifika kama 210 kwenye joto la chumbani. Kukeneka maji hayo kunatoa kipimo kinachozidi 1 kidogo sana, ndiyo maana lazima kurudiwe mara nyingi mno.

Hapo hakuna ukubwa uliotumika wala nguvu ya kushika. Nyenzo imetenganisha kwa kucheza.

Na maji ya Dodoma je?

Kijiwe kisingenisamehe nisipojibu hili. MOF ya kunasa unyevu hewani ni ya kweli. Ile iitwayo MOF-303, ya aluminiamu, ilijaribiwa kwenye jangwa la Mojave huko Marekani, matokeo yakatangazwa mwaka 2019: lita 0.7 za maji kwa kila kilo moja ya MOF kwa siku. Piga hesabu ya ndoo moja ya lita 20: unahitaji karibu kilo 29 za unga huo, pamoja na kifaa chake. Ni jambo la ajabu kwa mtu aliyekwama jangwani. Kwa mji unaotegemea visima vya Makutupora, si mbadala wa bomba.

La floraidi nalo huulizwa, hasa na jamaa wa Singida, ambako maji ya maeneo fulani yanaharibu meno ya watoto. Floraidi ni ayoni, yaani chembe yenye chaji, iliyoyeyuka majini, na kuinasa ni kazi tofauti na kutenganisha gesi pacha. Mkaa wa mifupa umekuwa ukitumika kwa kazi hiyo hapa nchini miaka mingi. Atakayekuuzia chujio la "teknolojia ya Nobel" mnadani, muulize cheti cha kupima floraidi kwanza.

Viwandani, MOF zilizoanza kuajiriwa ni zile sugu zaidi kuliko zile zinazocheza. Moja ya zinki kutoka Calgary, Kanada, iitwayo CALF-20, imetumika kunasa kaboni dayoksaidi kwenye moshi wa kiwanda cha saruji, na sifa yake kubwa ni kuvumilia mvuke. Zinazonyumbuka zina mzigo wao: zikitanuka ndani ya bomba zinaweza kulibana au kujisaga, na zikigandishwa kuwa vidonge kwa gundi, gundi nayo inaweza kuzuia mlango kufunguka.

Nilipofika hapo yule fundi aliweka kikombe chini. Amechomelea mageti nusu ya mtaa wetu. "Mwalimu," akasema, "bati la geti halinisumbui. Inayonirudishia mteja ni bawaba. Hizo zenu zinafungua na kufunga mara ngapi kabla hazijaachia?"

Ndicho kinachohesabiwa maabara. Mwaka 2015 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walizichukua MOF kadhaa za kunyumbuka wakazifungua na kuzifunga mara 100 kwa butani, gesi nyingine iliyomo kwenye mtungi wa jikoni. Nyingine zilimaliza zikiwa kama zilivyoanza, nyingine zikawa zimepoteza sehemu ya uwezo wake huku fuwele zikimeguka kuwa ndogo zaidi. Kiwandani mlango wa namna hiyo utafunguka mara 100 ndani ya siku chache tu.